Mweusi Akija, Mkaribishe

Kwanza, tundu la moshi: liache wazi.
Jiko la makaa halina huruma katika mahema haya ya mlimani,
na mimi nataka kufa nusu tu.

Saa kumi alfajiri, kengele ya simu chini ya mto.
Naamka. Nakunywa chai ya chumvi iliyolala, kimo cha vidole viwili.
Nakaa dakika ishirini nikiwasikiliza mbwa wa Ulaanbaatar
wakigombania mfupa mmoja, mtaa kwa mtaa.
Kisha narudi kitandani, chali,
mikono kando kama mizigo ya mtu mwingine.

Hapa ndipo penye kazi.
Pua itawasha. Usiikune.
Mate yatajaa. Yaache.
Mwili ni mlinzi mwenye wasiwasi, huuliza gizani:
umelala? umelala?
Kila mwasho ni swali,
na ukijibu hata kwa ukucha, anza upya.
Mimi huhesabu pumzi kinyumenyume
kutoka mia mbili na kumi na mbili.
Kwa nini idadi hiyo, nitasema.

Miguu hutangulia kufa ganzi.
Masikioni huanza nyuki, halafu lori, halafu
kitu kama turubai linalopasuliwa kutoka mlimani hadi mtoni.
Mlango unafunguka na haujafunguka.
Hapo huja.

Bibi yangu alimwita Mweusi.
Mweusi amemlalia, walisema, mtu akigutuka macho yamemtoka,
wakamwekea kisu chini ya godoro,
wakamfukizia majani ya mreteni.
Ananipanda kifuani, mzito kama gunia la unga lililolowa,
ananipumulia shingoni.
Usiku wa kwanza nilipiga ukelele; haukutoka.
Usiku wa nne nilimtukana.
Usiku wa tisa nilichoka, nikamwambia moyoni:
karibu, vua viatu, kaa.
Akawa mwepesi.

Basi toka. Usijinyanyue, mwili utakung'ang'ania;
bingirika, kama mtoto anayedondoka kitandani,
na sakafu hutaisikia.
Tazama mkono: vidole saba? Vizuri.
Soma saa ya ukutani mara mbili;
ikikudanganya mara mbili, na uongo usifanane,
umefika.

Nilifika. Nyasi hadi magotini, Julai isiyo na nzi.
Ningeweza kuruka. Walionifundisha huruka wote,
hupita juu ya maghorofa, hulala na wanaowataka.
Mimi nilisimama nikapiga mluzi wa Baba.
Mbuzi mia mbili na kumi na mbili:
tuliwapoteza kwa zudi, mwaka wa barafu juu ya theluji,
Februari moja tu, wamesimama wima,
wamegandiana ubavu kwa ubavu.
Nilipiga mluzi hadi nikaamka.
Hakuja hata kitoto cha mbuzi.

Jumapili nikamweleza Baba,
Luvsandorj aliyekuwa na mifugo, sasa bawabu wa maegesho ya magari.
Nilidhani atacheka.
Alizungusha kikombe, akakizungusha tena.
"Huyo wa kifuani," akasema, "mimi ninaye mwaka wa kumi na nne.
Sikujua kwamba hukaribishwa."

Leo nimelala kwake.
Saa kumi kengele imelia, na si yangu.
Nimemsikia akivuta kamba ya tundu la moshi,
akinywa kitu, akikohoa kikohozi cha mwisho, akilala chali.
Sasa jiko linazimika. Hajikuni. Hamezi.
Natambaa na tochi niliyoifunika kwa kiganja,
nikiogopa nitakachokiona.
Uso umetulia kama sahani iliyooshwa.
Lakini chini ya kope macho yanakwenda,
kushoto kwenda kulia, yanarudi,
kushoto kwenda kulia,
polepole,
bila kuruka hata mmoja.